Fuso Halijui Uasilia

Kijana wa bodaboda alinivaa kwa nyuma pale Usa River, jua limeshazama na giza halijakolea, saa ile ambayo kila dereva anajidanganya kwamba bado anaona. Hakuumia, namshukuru Mungu. Tairi lake la mbele liliingia chini ya bampa langu, likakaa humo. Nikashuka na maneno yangu yako tayari mdomoni, yale tunayowatolea bodaboda kila siku. Akaniwahi: "Mzee, mbona hukupiga breki?"

Nilikuwa nimepiga. Nikamwambia apande, akanyage pedeli, mimi nikazunguka nyuma kuangalia. Taa ya kulia ilikuwa kama kaa linaloelekea kuzimika. Ya kushoto haikufanya lolote, ila indiketa iliyo jirani yake iliwaka kidogo, kwa aibu. Yaani kwa lugha ya barabarani nilikuwa nimemwambia yule kijana kwamba huenda, nikijisikia, nitakata kushoto.

Nikamtengenezea pikipiki yake, na sikubishana kuhusu bei.

Lakini siandiki kwa sababu ya ajali. Naandika kwa sababu ya niliyoambiwa na wenzangu wa magari ya zamani baada ya kuzirekebisha zile taa na kuongeza ya tatu juu ya mlango wa nyuma wa Land Rover 109 yangu. "Umeliharibu." "Kiwanda cha Solihull hakikulitoa hivyo." Mmoja, ninayemheshimu kwa kweli, mtu anayejua kila bolti ya gari hili inakaa wapi, akasema sasa linafanana na Noah.

Haya. Tuzungumze uasilia.

Nusu yenu mmeng'oa injini ya petroli mkatia dizeli ya Toyota, na hakuna aliyeweka matanga. Viti mmeshona upya kwa ngozi ambayo gari la shamba halikuwahi kuiota. Redio yenye bluetooth imefichwa kwenye droo, tunaijua. Hayo yote ni sawa, kwa kuwa yanamfaa mwenye gari. Likija jambo linalomfaa mtu mwingine, ghafla wote tunakuwa walinzi wa makumbusho.

Maana taa ya breki ndiyo kitu pekee kwenye gari ambacho mwenyewe hakioni kikiwa kazini. Usukani ni wako, honi ni yako, hata kutu ni yako. Ile taa ni ya mtu wa nyuma, umemlipia tu. Na mtu wa nyuma wa leo si yule wa miaka ya sabini, aliyekuwa na barabara nzima peke yake. Leo nyuma yako kuna Fuso limejaa mchanga, nyuma ya Fuso kuna Coaster inayotafuta upenyo, na katikati yao bodaboda amebeba mama na mtoto. Hao wote unawataka wasome kiduara chekundu kisichofika ukubwa wa kisosi, kilichopigiliwa chini kabisa, mahali pa kwanza kupakwa tope. Balbu ni moja yenye nyuzi mbili: wati 5 ya taa ndogo, wati 21 ya breki. Usiku, tofauti ya "naenda" na "nasimama" ni tofauti ya nyuzi hizo mbili tu. Zikififia, hakuna tofauti.

Najua jibu lenu: "Breki zetu ni za dramu, hatusimami ghafla, nani atatugonga?" Limenichekesha, na lina ukweli wake. Tatizo ni kwamba wa nyuma naye anasubiri kuambiwa.

Sasa, kabla hujakimbilia Kariakoo kununua taa. Fundi umeme wangu, mzee wa siku nyingi, alinikataza kununua chochote mpaka tupime. Betri ilitoa volti 12.6. Kwenye holda ya balbu zilifika 9.8. Nyingine zimeishia njiani, na nyingi zimeishia kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari. Bodi ya Land Rover ni alumini, chesisi ni chuma, na vyuma hivyo viwili vikikutana penye unyevu vinazaa unga mweupe ambao umeme hauupendi. Ethi ikifa, umeme unatafuta pa kurudia kupitia balbu ya jirani. Ndiyo ile indiketa yenye aibu. Na balbu ya waya haina huruma: ukiipunja robo ya volti zake, hupotezi robo ya mwanga, unapoteza zaidi ya nusu. Msasa, waya mpya wa ethi kutoka kila taa hadi kwenye chesisi, grisi kidogo, basi. Siku hiyo peke yake gari lilibadilika, na hakuna kilichokuwa "kisicho cha asili".

Ndipo tukaja kwenye LED. Tulichukua nyekundu. Nyeupe nyuma ya lenzi nyekundu ni kupoteza fedha bure, kwa sababu lenzi inapitisha wekundu tu, na LED nyeupe ina wekundu haba. Faida kubwa ya LED wala si ukali. Balbu ya waya inahitaji muda wa kupata moto, kama sekunde 0.2, LED inawaka papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni mita 4 na ushei. Yule kijana alihitaji mita moja.

Indiketa acha na balbu zake, au ukiiwekea LED badilisha pia flasha, kile kidude kinachoipepesha, la sivyo haitapepesa. Wenye magari ya Morris, swichi yenu ya taa za breki inasukumwa na presha ya mafuta ya breki; ikichoka inawasha kwa kuchelewa. Na nyie mnaofunga taa za breki zinazochezacheza kama disko, sina la kuwaambia.

Ile taa ya tatu? Wamarekani waliilazimisha kwenye magari madogo mapya kuanzia modeli za mwaka 1986. Jaribio la teksi za San Francisco mwaka 1974 lilionyesha kugongwa nyuma kumepungua kwa zaidi ya asilimia 60. Miaka baadaye, kila gari likiwa nayo na macho yameshazoea, serikali yao ilipima tena ikakuta kama asilimia 4. Mtanicheka kwa hiyo 4. Nichekeni, mimi naichukua.

Nakubali jambo moja, shingo upande: kutoboa bodi ni dhambi. Yangu haikutoboa. Imeshikwa na kibano kwenye ukingo wa paa, juu ya tairi la spea, na imeungwa kwenye waya wa kijani wenye mstari wa zambarau. Siku ya maonyesho naitoa kwa dakika kumi. Na kweli, haipendezi.

Wiki iliyopita tulirudi msafara kutoka Moshi, usiku, mvua inanyunya. Tulipokuwa tunajipanga kuondoka, yule aliyelifananisha gari langu na Noah akaja dirishani kwangu akaniomba niwe wa mwisho, nyuma yake. Sikumuuliza kwa nini.