Mbwa mwitu mpya ni bure, wa zamani ni dhahabu 300

Mwindaji akifiwa na mnyama wake katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete, wenzake mezani hawakawii kusema: mwache aende, ukimfufua kila akifa, kifo kitageuka mzaha. Hawajakosea sana. Kete hainogi kama hakuna cha kupoteza, na mwongoza mchezo aliyehangaika kutunga pango la kutisha ana haki ya kuona watu wakitishika.

Ila hebu tupige hesabu kwa kanuni za 2014. Mwindaji aliyechagua uwezo wa kuwa na mnyama humpata mhusika wake akifika ngazi ya 3. Akichagua mbwa mwitu, mnyama huyo atakuwa na pointi 12 za uhai. Rungu la zimwi la kawaida hung'oa 13 kwa wastani. Yaani pigo moja tu, basi. Kumrudisha kunataka uganga ambao kasisi haupati hadi ngazi ya 5, ufanywe kabla dakika haijaisha, na uteketeze almasi za thamani ya sarafu 300 za dhahabu. Dakika ikipita, uganga mwingine unakula almasi ya sarafu 500, tena roho ya marehemu iwe imeridhia kurudi (atakayemhoji mbwa mwitu simjui).

Na kupata mnyama mwingine kabisa? Saa 8 za kufanya urafiki naye. Bila hata senti.

Hapo ndipo wapinzani wa ufufuo wananishangaza. Kama hofu yao ni kifo kudharauliwa, dharau gani inapita hii: asubuhi umemzika, jioni una mwingine wa sura ileile na nguvu zilezile, pengine umempa na jina la marehemu? Kanuni imefanya kusahau kuwe bure na kukumbuka kuwe kwa matajiri. Anayempenda mnyama wake kweli anajua la kufanya: anamwacha kambini na punda, na uwezo aliouchagua kwa furaha haugusi tena.

Nyongeza ya kanuni ya 2020 ililegeza mambo. Mguse ndani ya saa 1, tumia nafasi moja kati ya zile chache za kufanya uganga, na baada ya dakika 1 anainuka mzima. Hapa nawakubalia wapinzani nusu. Ni haraka mno, na mnyama mwenyewe sasa ni kama pepo wa nchi kavu, bahari au angani, wa kubadilishwa kila baada ya mapumziko marefu.

Mimi nilipenda rasimu ya majaribio ya kanuni za mwindaji ya 2016: saa 8 za kazi, pamoja na mitishamba adimu na chakula kizuri vya dhahabu 25, na roho yake inaitwa kwenye mwili mpya hata kama mzoga haukupatikana. Dhahabu hizo 25 si kitu mbele ya zile 300. Saa 8 ndizo ngumu, maana ni usiku mzima mwindaji amekaa chini akiita, wenzake wamemzunguka na silaha, na yule zimwi bado yuko msituni.