Hiace Si Nyumba

Leo asubuhi nimewasha kiyoyozi cha gari, mchanga ukanipuliza usoni. Wiki ya tatu hii tangu turudi. Hiace nimeipeleka kuoshwa mara nne, na yule kijana wa kuosha sasa ananiuliza kama nasomba mchanga wa kujengea. Nikakaa mle ndani, nyusi nyeupe kuliko umri wangu, nikamtaja shemegi kwa jina lake kamili, na la babake.

Maana wazo lilikuwa lake. Sisi watu wa Seeb, huku Oman, tukitaka kwenda Salalah njia tunaijua: unapita Adam, unapita Haima, kilomita kama elfu moja za kutazama mbele tu, umefika. Au unapanda ndege kama mtu mwenye wazee wake. Shemegi hataki. Kaona kwenye simu watu wanaishi ndani ya gari ufukweni, mlango wa nyuma wazi, miguu imenyooshwa. "Tupite pwani, shemegi. Sur, Ras al Hadd, Duqm, mpaka Salalah. Tunalala popote." Mimi ni mtu mzima. Nina kanzu saba za pasi na godoro la mgongo. Popote mimi silali. Lakini mke wangu akasema nenda na kaka yangu, na aliyeoa hahitaji nimweleze lililobaki.

Tukang'oa viti, tukatia godoro. Shemegi anakoroma kama jenereta linalogoma kuwaka. Mchana kutwa ikawa ile kengele ya gari, ukigonga 120 inaanza ting, ting, ting, naye anaitikia kwa kichwa kama yuko taarabuni.

Sur alipiga picha arubaini za lile jahazi, Fath al-Khair, lililoundwa palepale 1951. Nikamwambia babu yangu alivuka na mfano wa hili mpaka Unguja, kaskazi mgongoni, tende na papa mkavu njia nzima, na aliposhuka Malindi ya hukohuko Unguja hakumwambia mtu kwamba ametoka matembezini. Ras al Hadd tukamwona kasa anachimba shimo kwa mapezi yake, pole pole, machozi yanamtoka. Nikamwonea huruma. Sikujua.

Ukishapita Ashkharah, mchanga uko kulia, bahari kushoto, na mahali pengine mchanga umeamua kuivuka barabara kwenda kuoga. Karibu na Shannah, wanakopandia pantoni ya kisiwa cha Masirah, shemegi akaona uwanja mweupe tambarare unaelekea majini. Nikamwambia hiyo sabkha, shemegi, juu kaki chini uji. Akasema mbona nyayo za ngamia zipo? Nikamwambia ngamia hana tani mbili. Nilipofika kwenye neno "tani" tulikuwa tumeshazama.

Akateremka kwa madaha, akatoa upepo tairi zote nne, kama alivyoona kwenye simu. Nikamuuliza, pampu iko wapi?

"Pampu?"

Nikachukua koleo. Kasa angeniona angelia tena.

Ndipo akatokea mzee mmoja na pikapu ya Land Cruiser, nyavu nyuma, mbuzi kakaa mbele kwenye kiti cha abiria. Akasimamisha gari mbali, penye ardhi ngumu, akaja kwa miguu na bakora yake. Salamu aleikum. Aleikum salamu. Hamjambo? Watoto? Wazee? Kisha akauliza: kuna habari? Mabedui wa huku lazima waulizane habari, na adabu ni kujibu kwamba hakuna. Kama kwetu tu, paa linaungua, unaulizwa habari, unasema nzuri. Basi mimi tope magotini, Hiace imekalia tumbo, maji kule yanajaa. Nikajibu: hakuna habari. Akamgeukia shemegi: hakuna habari. Na kwako, ami? Hakuna habari. Mbuzi peke yake ndiye aliyeonekana ana la kusema.

Akatandika mkeka. Kahawa kwenye chupa, tende kwenye bakuli. Huwezi kukataa. Mimi nikanywa finjani mbili, nikatikisa, maana yake basi, nimetosheka. Shemegi hakutikisa. Kamiminiwa ya tatu. Wale ndege wa miguu mirefu waliokuwa ukingoni mwa maji wakarudi nyuma hatua mbili, kuja kwetu. Ya nne, ndege hatua tatu. Ya tano ndege wako usawa wa bampa. Nikamshika shemegi kifundo cha mkono, nikautikisa mwenyewe.

"Nyinyi asili yenu wapi?"

Nikasema Unguja. Loo! Mzee uso ukamfunguka. Babake alikuwa baharia wa majahazi, akamwachia maneno matatu ya Kiswahili, na yote akayatoa hapo hapo kwa sauti ya soko: "Bei gani! Ghali! Punguza!"

Kutuvuta kulimchukua dakika tano. Hiace ikatoka na mlio ambao sitauandika. Pampu anayo, akazijaza tairi zote. Nikatoa riali kumi. Akaiangalia noti kama nimemtolea panya aliyekufa. "Ghali," akasema. Nikadhani nimeelewa, nikatoa tano. "Ghali!" Nikarudisha pochi. Yeye ndiye akatupa papa mkavu mzima, mrefu kama mkono wangu, akaondoka na mbuzi wake.

Kumbe shemegi alikuwa anarekodi. Kazini mkubwa wangu ananiita Ibn Battuta. Yule msafiri wa kale angalau alipotembea kwa mguu kutoka Sur mpaka Qalhat, miguu ikamvimba, hapakuwa na shemegi wa kumrusha mitandaoni akiwa na fulana. Na hapa sitanii tena: mwaka mzima nasubiri siku hizo tisa. Mgongo unaniuma mpaka leo. Kwa nini pumziko la mtu liwe na koleo?

Duqm tulinunua petroli na tairi. Ras Madrakah majabali meusi, mchanga mweupe, kaskazi ikaninyakulia kofia yangu ya viua, ya mkono, miezi minne ya kazi ya mama mkwe. Kwa upepo ule nadhani ishafika Unguja. Kutoka Shuwaymiyah kwenda Hasik sikuona kitu, nilifumba macho, shemegi anaendesha. Salalah kuna madafu kando ya njia. Dafu lao tamu, sikatai. Nilipoulizia bei nikajikuta nasema "ghali, punguza," muuzaji Mbangali akanitazama tu.

Papa tulimweka chini ya godoro. Amekwishaliwa na nazi zamani, lakini harufu haina habari hiyo. Paka wa mtaa mzima wanalala juu ya Hiace, na yule wa kijivu leo nimemkuta ndani, milango imefungwa, vioo vimepandishwa. Kapitia wapi? Maana palipo na tundu la paka mnene kama yule, mchanga nao... Ngoja nikachungulie chini.