Seli Haikui Hewani

Wazee wa Pemba waliolima mabonde ya mpunga wanakumbuka zama ambazo mvulana kukojoa damu hakukumshtua mtu. Ugonjwa huo, kichocho, ukikaa mwilini miaka mingi, unaweza kuleta saratani ya kibofu. Mnyoo wake umo katika orodha ya kimataifa ya visababishi vya saratani tangu 1994. Wanasayansi wanabishana juu ya njia unayopita hadi kufika huko.

Wengi wanashika jeni. Uvimbe usiopoa huzalisha kemikali zinazojeruhi DNA, seli hukosea kujinakili, mwisho huasi. Hoja hii ni nzito na sioni wa kuipuuza.

Wengine wanatazama chini ya seli. Epithelia, lile tabaka linalofunika ngozi, matumbo na kibofu, limekaa juu ya utando wa protini ziitwazo laminini na kolajeni, sehemu ya matriksi, yaani mtandao unaozizunguka seli. Seli huushika utando huo kwa vipokezi viitwavyo integrini, na kwa njia hiyo hupata amri ya kugawanyika au kutulia. Seli yenye afya ya epithelia ikibanduliwa pale, hujiua. Sasa kitazame kibofu cha kichocho: yai la mnyoo linakwama ukutani, mwili unalizungushia kovu, kolajeni inarundikana, na ukuta uliokuwa ukitanuka na kunywea unakakamaa. Kwa baadhi ya wagonjwa huota chokaa hata ukaonekana kwenye eksirei. Seli zilizozoea kulala juu ya godoro zimebaki juu ya sakafu, na huenda amri zinazozifikia zimeharibika.

Mwaka 1997, kundi la mtafiti Mina Bissell nchini Marekani lilikuza seli za saratani ya titi ndani ya jeli ya matriksi, likaziba integrini moja kwa kingamwili. Seli zikajipanga upya kama za titi lenye afya, ilhali jeni zao mbovu zilikuwa vile vile! Kwangu huo ni ushahidi mkubwa. Ila kingamwili ilipoondolewa, zilirudia uasi. Zilikuwa zimetulizwa tu, hazikuponywa, na hapo watu wa jeni wana haki yao.

Hata hivyo naona visiwani tumeisahau matriksi. Tunahesabu mayai kwenye mkojo na kugawa prazikwanteli, kazi njema sana, lakini dawa ile huua mnyoo, haifuti kovu. Mkojo wa mtu mzima waweza kuwa safi, bila yai hata moja, na ukuta wa kibofu chake ukawa bado umebeba mayai yaliyokufa zamani. Huyo naye aitwe apimwe kwa ultrasaundi.