Boksi Halivuti Behewa

Wiki tatu kabla ya harusi ya binti yetu, shemeji yangu aishiye Uingereza alisimama mbele ya meza ya muuza vitu vya zamani, akanitumia picha mbili na kuniuliza ni kichwa kipi cha treni ya mezani anibebee atakapokuja huku kwetu Tororo, Uganda. Picha ya kwanza ilionyesha Duchess of Atholl ya Hornby-Dublo, chapa ya Kiingereza ya treni za kuchezea, ya mfumo wa reli tatu, rangi yake inang'aa, imelazwa ndani ya boksi lake kama maharusi. Ya pili ilionyesha Jinty ya Tri-ang, chapa nyingine ya Kiingereza, kichwa kidogo cheusi cha magurudumu sita, kimeviringishiwa gazeti na kimekosa bafa moja ya mbele, yaani kile kidude cha kupokea mgongano. Bei ya Duchess ilikuwa mara sita ya ile ya Jinty. Nikampigia simu mwenzangu wa Entebbe, ambaye tumeugua pamoja ugonjwa huu wa reli za mezani kwa miaka mingi, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Mwalimu, boksi lake lipo?"

"Lipo."

"Sasa unauliza nini?"

Nimeshindwa kulisahau jibu hilo, na ndilo lililonifanya niandike. Mwenzangu ana vichwa kumi na kimoja, vyote vimepangwa nyuma ya kioo, kila kimoja na boksi lake limesimamishwa nyuma yake kama cheti cha ubatizo, na hakuna hata kimoja ambacho kimewahi kuzunguka meza tangu kilipoingia nchini. Anapangusa vumbi la vioo kila Jumapili. Mimi namheshimu sana, ila siku atakaponionyesha boksi la kadibodi likivuta mabehewa matatu kupanda mteremko, nitamwomba radhi mbele ya watu.

Nimekulia katika landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi. Marehemu baba alikuwa msaidizi wa dereva, enzi ambapo vichwa vya Afrika Mashariki vilikuwa vikichoma mafuta mazito, na ninachokumbuka zaidi ni jinsi dereva wake alivyozunguka kichwa kabla ya safari, kopo la mafuta mkono wa kulia, huku akigusa kila beringi kwa mgongo wa mkono wa kushoto ili asikie kama ina joto. Rangi hakuiangalia kabisa. Kwa hiyo ninapochagua kichwa cha zamani, hata kama kinaenea kiganjani, swali langu la kwanza ni hili: kikigoma usiku wa leo, hapa Tororo, nitaweza kukifungua mwenyewe?

Jinty inajibu swali hilo kwa bisibisi moja. Ndani yake mna mota ambayo Tri-ang waliiita X04, na sidhani kama kuna mota nyingine ya mezani iliyotengenezwa kwa kumhurumia fundi kiasi hicho. Iko wazi kabisa: sumaku nyuma, amecha (kiini kinachozunguka) katikati, kaboni mbili zinazobanwa na springi moja ya waya, kisha skrubu ya gia inayozungusha gurudumu la meno la ekseli. Mguu mmoja wa springi ile huvalishwa kimpira chembamba ili umeme usivuke kutoka kaboni moja hadi nyingine, na kimpira hicho kikidondoka, kichwa hakisogei, waya zinapata moto, na wasiojua husema mota imekufa. Haijakufa. Unachuna ganda la waya mwembamba wa simu, unakata urefu wa punje mbili za mchele, unauvisha mguu ule, na kazi inaendelea. Taka zinazoganda katika mianya ya shaba, pale kaboni zinaposugua, nazitoa kwa kijiti cha meno.

Nikiri kwamba elimu hii ilinigharimu. X04 yangu ya kwanza niliiua kwa mkono wangu: nilichomoa amecha bila kuziba nafasi yake kwa kipande cha chuma, sumaku ikapoteza nguvu, na tangu siku hiyo mota ile ikawa inakula umeme mwingi na kuchemka kama birika, huku behewa moja likiishinda kuvuta.

Duchess nayo? Hornby-Dublo ilianza mwaka 1938 kwa reli tatu, umeme ukipita katika reli ya kati na kurudi kwa zile za pembeni, na kampuni haikuleta reli mbili hadi mwaka 1959. Magurudumu ya chuma ya mfumo wa zamani hayajatenganishwa kiumeme, kwa hiyo ukikiweka kichwa hicho juu ya meza yangu ya reli mbili, unaziunganisha reli zote mbili na kupata shoti papo hapo. "Utabadilisha magurudumu tu," aliniambia mwenzangu. Hilo neno "tu" limewafilisi watu.

Shoti nayo si mzaha katika nyumba yangu. Umeme wa hapa hukatika unapotaka, hivyo reli yangu inaendeshwa na betri ya sola ya volti 12, ambayo ndiyo volti ya vichwa hivi, lakini betri haina huruma kama transfoma ya kuchezea inayojizima yenyewe; inaweza kuyeyusha waya kabla hujainuka kwenye kiti. Nimeunga katikati ya njia ya umeme balbu ya indiketa ya gari ya wati 21. Treni ikitembea vizuri, balbu haionekani kuwaka. Shoti ikitokea, inawaka kwa mwanga mkali na kuubana umeme usizidi ampea mbili. Mke wangu huiita taa ya aibu.

Haki ya Duchess lazima niitaje, ingawa kwa shingo upande. Mwili wake ni wa chuma cha kumimina, mzito, na kwa kuvuta mabehewa ungeiacha Jinty ikizungusha magurudumu palepale. Reli tatu pia hukuruhusu kuigeuza njia ikarudi ilikotoka bila shoti, jambo ambalo sisi wa reli mbili hulipata kwa swichi za ziada na maneno yasiyofaa mbele ya watoto. Ningekuwa naanza upya bila reli hata moja, labda ningesita.

Wapo pia wanaonisuta kwamba kichwa cha Kiingereza hakina kazi Tororo, na kwamba ningetafuta Garratt ya aina ya 59, kichwa kikubwa cha mvuke cha reli ya Afrika Mashariki, kama ile Mount Gelai iliyomo katika makumbusho ya reli Nairobi. Garratt ile ina urefu wa zaidi ya mita 31. Kwa kipimo cha 1 kwa 76 ingezidi sentimita 40 na kumeza stesheni yangu nzima. Jinty za kweli zilijengwa Uingereza kati ya mwaka 1924 na 1931, na mwaka huo wa mwisho ndipo reli yetu ilipofika Kampala. Kwangu udugu huo unatosha. Kuhusu Märklin ya zamani, chapa ya Kijerumani inayotaka umeme wa AC ambao betri haitoi, betri yangu imekwisha kujibu.

Shemeji aliileta Jinty ndani ya soksi, katikati ya viatu vya harusi. Nilisafisha magurudumu, nikatia tone moja moja la mafuta ya cherehani, na jioni ile umeme ulipokatika wageni wakaacha kuulizana kuhusu jenereta, wakasogea mezani. Ilizunguka polepole, ikinguruma kama kinu, nayo taa ya aibu ikabaki gizani isipokuwa kwenye swichi ya pili, pale reli zinapogawanyika. Kingo za magurudumu yake ni ndefu kwenda chini, kama za Tri-ang nyingi za enzi hizo, na pale hugonga vishikizo vya reli na kuruka. Kosa ni la reli yangu, niliyoinunua fupi kwa kimo kwa sababu ilipendeza machoni. Jumamosi nitavipiga tupa vishikizo hivyo, na bafa iliyopotea nitaichonga kwa kichwa cha msumari.