OK: mzaha wa Boston au Kiwolofu?

Asili ya OK ina hadithi kila kijiwe. Wapo wanaosema ni kosa la tahajia la Rais Andrew Jackson. Wagiriki wanavutia kwao, "ola kala", yaani kila kitu kizuri. Rais Woodrow Wilson alishikilia kuwa ni neno la Wachoktaw, wenyeji wa Marekani, akawa anaandika "okeh". Hao tuwaache. Ubishi wenye uzito ni wa pande mbili.

Upande wa kwanza una karatasi mkononi. Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post lilichapa "o.k." na kueleza papo hapo kuwa maana yake ni "all correct", yote sahihi. Wahariri wa Boston siku hizo walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno huku wakiyakosea makusudi: "oll korrect" ikawa O.K., "oll wright" ikawa O.W. Mengi yalikufa. O.K. iliokolewa na siasa: mwaka 1840 Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, New York, alitetea kiti cha urais, na wafuasi wake wakaunda klabu za O.K., kifupi cha "Old Kinderhook". Mzee akaangushwa, herufi zikabaki. Aliyefukua haya yote ni Allen Walker Read, katika makala za 1963 na 1964.

Upande wa pili ni wa David Dalby, mwanaisimu Mwingereza. Yeye alielekeza kidole Senegambia, Afrika Magharibi: kwa Kiwolofu, lugha ya huko, "waw" ni ndiyo, na "kay" huongeza mkazo. Waliotekwa huko walifikishwa Marekani zamani kabla ya Van Buren. Tena kuna kitabu cha safari cha 1784 ambamo mtumwa wa North Carolina, akisimulia uvuvi wake, anaanza na "Kay, massa", yaani "Kay, bwana".

Ushahidi huo ni mwembamba. "Kay" peke yake si "okay", na kati ya 1784 na 1839 hakuna daraja linaloonekana.

Hoja iliyonisumbua zaidi ni ya maana. Pale Boston, o.k. ilikuwa hukumu juu ya kitu: hakina kosa. Leo tunaitumia kuitikia, kama "haya" au "ndiyo", na huko ndiko "waw kay" ilikokuwa tangu mwanzo. Basi Dalby ameshinda? Hapana, na Kiswahili chetu kinatoa jibu. "Sawa", tuliyoitoa kwenye Kiarabu, ni kulingana: mizigo miwili iko sawa. Kutoka hapo ikawa sahihi, kisha ikawa kiitikio. Ukimtuma kijana dukani akajibu "sawa", hakuna anayepima chochote. Neno limefanya safari ileile bila msaada wa Mwolofu.

Kwa hiyo naegemea Boston, ila kuna mahali nasita. Read alipekua magazeti, na magazeti ya 1839 hayakuwa yakiandika mazungumzo ya watumwa wa mashambani kusini. Kutokuonekana kwa neno humo kunatuambia zaidi nani alimiliki mtambo wa uchapaji. Hata ile "Kay, massa" tunayo kwa sababu tu msafiri Mzungu aliona inachekesha kiasi cha kuiandika.