Mji uko katikati ya vituo

Wengi wetu tunaujua mji tunaoishi kwa vituo. Tunajua nyumbani, kazini, hospitali, kwa shangazi. Kutoka kimoja hadi kingine tuko ndani ya gari, macho kwenye simu. Mtu akituuliza hapo katikati kuna nini, tunababaika. Kwangu mimi mji wenyewe ndio huo wa katikati, na ukitaka kuupata, shuka utembee.

Chukulia London. Mwaka 1933 abiria wa treni za chini ya ardhi walipewa ramani mpya iliyochorwa na Harry Beck. Beck alinyoosha njia zote na hakujali umbali halisi, kwa sababu abiria alitaka tu kujua ashukie wapi. Kwa kazi hiyo ilifaa sana. Lakini Leicester Square na Covent Garden, vituo viwili vinavyofuatana, vimeachana kwa mita zisizofika 300! Asiyejua hilo atashuka chini, asubiri treni, kisha apande lifti kurudi juu, ilhali kwa miguu ni dakika chache tu. Nasi tuna ramani ya namna hiyo vichwani. Mitaa miwili tunayodhani iko mbalimbali, kumbe inapakana mgongo kwa mgongo. Ni barabara ya magari tu inayoizunguka.

Mwendo wa kawaida wa mtu ni kama kilomita 5 kwa saa. Kwa mwendo huo jicho linawahi kusoma. Inua uso juu ya vibao vya maduka, maana chini kila mpangaji hubadilisha rangi na mlango, ila ghorofa za juu mara nyingi huachwa zilivyo. Huko ndiko utakuta mwaka wa ujenzi umechongwa ukutani, au herufi za biashara iliyokufa zamani bado zinasomeka chini ya chokaa.

Miguu nayo inasoma. Mteremko ambao injini inaumeza bila wewe kujua, magoti yanakuambia mara moja. Mtaa ukipinda bila sababu ya kuonekana, au ukishuka kisha ukapanda, fikiria maji. Hapo hapo London kuna daraja la Holborn Viaduct, lililofunguliwa mwaka 1869, na chini yake hakuna mto, kuna barabara. Mto ulikuwepo. Unaitwa Fleet, ulifunikwa, na hadi leo unapita chini ya ardhi kama njia ya majitaka. Bonde lake halikufunikika.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni vichochoro vya mkato. Mhandisi ameweka njia ya zege yenye kona nzuri ya mraba, na watu wamekatiza juu ya majani kwa mshazari mpaka udongo umekuwa mgumu na kung'aa. Hakuna aliyeitisha mkutano. Ni nyayo za watu wasiojuana, waliokubaliana kwamba njia halali ni hii. Nikiikuta njia kama hiyo huifuata, na mara nyingi hunifikisha kwenye upenyo wa ukuta, ngazi, au kivuko nisichokijua.

Naudhika ninapokuta njia ya waenda kwa miguu imegeuzwa maegesho, na mama mwenye mtoto mgongoni anashuka barabarani kupishana na magari. Wanaopanga miji wangekuwa wanatembea kwenda kazini, hali hiyo isingedumu. Lawama nyingine ni yetu, kwa sababu tusiopita hapo hatulalamiki.

Kuanza hakuhitaji maandalizi. Vaa viatu vilivyozoea mguu, toa spika za masikioni, nenda mchana, na mtaa usioujua pita na mwenzako. Ukipotea, uliza mtu kabla ya kuuliza simu. Simu itakupa njia, mtu atakupa njia na habari za mtaa. Kama hata hilo ni zito, kesho shuka kituo kimoja kabla ya chako.