Muhtasari wa Kikao Usioandikika

Mwenyekiti ameniagiza niwasilishe muhtasari wa kikao cha jana kabla ya Jumatano, nami nimeikodolea macho karatasi tangu asubuhi, kwa maana ajenda ya kwanza ilikuwa ukumbi, ya pili michango na ya tatu chakula, ilhali jambo pekee lililojadiliwa kwa kina, mpaka jirani wa ghorofa ya chini akaanza kugonga dari lake kwa mpini wa ufagio, ni iwapo White Sox, timu yetu ya besiboli, walifanya busara kumwachia mrushaji wao Garrett Crochet aende timu ya Boston.

Mimi ni katibu wa kamati ya harusi. Cheo hiki sikukigombea. Nilipewa kwa sababu nilikuja na kalamu. Hata hivyo ninakiheshimu, na ninaamini kwamba kikao cha Waswahili, hata kikikaliwa Chicago sebuleni kwa mtu, huku bomba la joto likipiga kelele na magari yetu yakikatiwa faini za maegesho huko nje, kinapaswa kufunguliwa kwa sala, kuendeshwa kwa utaratibu na kufungwa kwa chai. Jana tulifungua kwa sala. Chai nayo ilikuwapo, ingawa mwisho wake nitaueleza.

Kilichotuponza ni orodha ya ahadi. Mweka Hazina, mama wa Kibukavu asiyejua kupunguza sauti anaposoma majina ya wadaiwa, alikuwa akitaja mmoja baada ya mwingine wale mnaowajua, wanaoahidi dola mia tano mbele za watu kisha simu zao zikawa hazipatikani mpaka harusi ipite. Ndipo Mzee wetu wa Mombasa, aliyeendesha teksi mji huu tangu enzi ambazo vijana wetu hawajazaliwa, alipoguna na kusema, "Mama, hizo ahadi zako ni sawasawa na vipaji vya White Sox. Kila mwaka tunasomewa orodha, na kila mwaka kapu ni tupu."

Laiti angeishia hapo. Lakini pembeni yake alikaa mdogo wake bwana harusi, kijana aliyezaliwa hapa hapa Chicago kusini, ambako mtu hachagui timu bali huikuta nyumbani kama jina la ukoo. Kijana akaweka kikombe chini, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo tena, Mzee wangu, lakini hapo umekosea." Nikajua ukumbi tumeukosa.

Niwatendee haki wote wawili. Kijana alikuja na hoja. Alisema kwamba Colson Montgomery, ambaye Aprili 2025 alirudishwa Arizona akafundishwe upya namna ya kupiga mpira, aliitwa kwenye timu kubwa tarehe 4 Julai, na katika mechi 71 akapiga homurani 21, yaani mipira inayoruka hadi nje ya uzio. Alisema kwamba Kyle Teel na Chase Meidroth, waliotoka Boston kama malipo ya Crochet, tayari wanacheza na si wa kusubiriwa. Alisema kwamba mrushaji Shane Smith, aliyeokotwa kutoka Milwaukee kwa kuwa wenyewe hawakumweka kwenye orodha ya wachezaji wasioweza kuchukuliwa, alichaguliwa kwenye mechi ya nyota katika msimu wake wa kwanza kabisa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani, akauliza swali moja, "Na hao wengine, wapigaji wako, awamu ya nane kati ya tisa ikifika tukiwa mbele kwa mbio mbili, watarusha?"

Kijana akanyamaza. Nadhani hata jirani wa chini alinyamaza.

Hapo Mzee akaomba sahani ya maandazi. Mimi, kwa ujinga wa adabu, nilidhani ana njaa. Kumbe alitaka ubao wa kufundishia. Akapanga maandazi mezani, juu ya rasimu ya bajeti, akaanza kuyapa majina. Hili ni Chris Sale, tuliyemchukua mwaka 2010, tukamlea, na Desemba 2016 tukampeleka Boston. Mwaka 2018 Boston wakawa mabingwa, na Sale ndiye aliyemtoa mpigaji wa mwisho. Sisi tulipewa vijana wanne, wakiwamo Yoán Moncada na Michael Kopech, na kati ya hao wanne leo hayupo hata mmoja. Hili nalo ni Crochet. Mwaka 2024 aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki (mpigaji akishindwa mara tatu, anatoka) akiwa na timu mbovu kuliko zote, na Desemba hiyo hiyo tukampeleka, mnisikilize vizuri, Boston. Tukapewa vijana wanne. Msimu wake wa kwanza huko akashinda mechi 18 na kuwatoa wapigaji 255. "Yaani tuna mtu wa fedha taslimu," akasema, akilinyanyua andazi la Crochet juu kabisa, "tunambadilisha kwa ahadi nne, na ahadi zikikomaa zikawa fedha, tunazibadilisha tena kwa ahadi. Mama Mweka Hazina, wewe ungekubali hesabu hiyo?"

Mweka Hazina alisema hangekubali. Niliandika jibu lake, kwa kuwa lilikuwa la kwanza kuhusu fedha.

Kijana alidai kwamba mrushaji mmoja hawezi kuiokoa timu iliyopoteza mechi 121, na kwamba Crochet angebaki angeondoka bure mkataba ukiisha. Ni hoja nzuri, na ningependa kuona mtu akiijibu kwa utulivu. Mzee aliijibu kwa kuchukua maandazi matatu na kuyahamishia kwenye kisosi. "Hii ni hospitali," akatangaza. Akawalaza humo Drew Thorpe, Ky Bush na Prelander Berroa, warushaji vijana watatu waliofanyiwa upasuaji wa kiwiko mwanzoni mwa 2025, ule unaoitwa kwa jina la Tommy John, aliyekuwa wa kwanza kufanyiwa mwaka 1974, na ambao humweka mtu nje kwa mwaka mzima au zaidi. Crochet mwenyewe aliupitia mwaka 2022. Mzee alikuwa bado anawahurumia wagonjwa pale Mwenyekiti, ambaye muda wote alikuwa akisaka ukumbi kwenye simu, aliponyoosha mkono bila kutazama na kumla Thorpe.

Yaliyofuata yalikosa heshima. Shangazi wa bibi harusi alikumbusha kwamba Baba Mtakatifu Leo XIV ni shabiki wa timu hii, tena alikuwapo uwanjani mwaka 2005 White Sox walipocheza mechi ya kwanza ya fainali na hatimaye kutwaa ubingwa, kwa hiyo tusiinenee mabaya. Mzee, ambaye ni Mwislamu mwema na jirani mwema, alisema anamheshimu sana Papa, ila dua zake bado hazijawafikia warushaji wa akiba. Kijana akasimama kutuonyesha jinsi mpira wa Hagen Smith, mrushaji mwingine kijana wa timu, unavyokata kona mbele ya mpigaji. Alitumia chungwa. Mpira ulikata kona kweli, ukaingia kwenye chupa ya chai, na bajeti ya ukumbi, pamoja na Sale na wagonjwa wawili waliosalia, ikalowa.

Mimi nilikuwa nimejizuia muda wote huo, kama inavyompasa katibu. Lakini mtu ana mpaka. Kijana alipokuwa akipangusa meza alisema, kwa sauti ile ile ya miaka yote, "Tusubiri tu, mwakani warushaji wetu wanakuja," nami nikajikuta nimesimama na kalamu hewani.

Nilimwambia kwamba mwaka 2023 tulisubiri tukapoteza mechi 101. Mwaka 2024 tukasubiri, tukapoteza 121, tukaipiku hata Mets ya New York ya 1962 iliyopoteza 120, na katikati ya msiba huo tulipoteza mechi 21 mfululizo, hata nikawa nafungua redio kwa hofu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mwaka 2025 tukasubiri tena, tukapoteza 102, na watu wakapongezana! Nilimwambia kwamba sisemi vijana hawana kipaji. Hicho ndicho kinachoniua. Huyo Smith wa chungwa alichaguliwa wa tano nchi nzima mwaka 2024 timu zilipogawana vijana wapya, ana mkono wa kushoto wa kutisha, na bado anawagawia wapigaji kituo cha bure kana kwamba analipwa kwa ukarimu. Mipira minne nje, nenda kituo cha kwanza. Minne mingine nje, nenda mwenzake umfuate. Kupigwa ninakukubali, aliyekupiga ana gongo. Lakini kumgawia mtu mechi mkononi, ukiwa mbele, usiku, mimi nikiwa na zamu ya alfajiri na treni ikiwa imesimama tena kati ya vituo bila maelezo! Nilisema mengine ambayo hayataingia kwenye muhtasari. Jirani aligonga. Nikamjibu kwa kisigino.

Baada ya hapo palikuwa kimya kidogo, na Shangazi, kwa nia njema ya kutupatanisha, akauliza kama hakuna hata mmoja wa kutumainiwa. Mzee na Kijana wakajibu kwa pamoja, mara ya kwanza kukubaliana usiku ule: Noah Schultz. Ni mtoto wa hapa hapa Illinois, wa mkono wa kushoto, aliyechukuliwa raundi ya kwanza mwaka 2022, na urefu wake unapita mita mbili, kiasi kwamba akinyoosha mkono mpigaji huhisi mpira unatokea paani. Goti lilimsumbua msimu wa 2025, lakini hatukutaka kulitaja. Shangazi akataka kujua suruali zake hushonwa na nani. Swali hilo likatuleta, bila mtu yeyote kukusudia, kwenye suti za wasimamizi, ambazo fundi wetu wa Kariakoo anasubiri vipimo vyake tangu mwezi uliopita, na karatasi ikazungushwa ili kila mtu aandike vipimo vya mtu wake, tukatuma picha usiku ule ule.

Asubuhi hii fundi amejibu. Anasema amevipokea vipimo vyote, anatushukuru, ila huyo msimamizi wa nne, aliyeandikwa kwa mwandiko wa yule Kijana, kitambaa chake hakitoshi hata kwa mikono peke yake. Anataka mita mbili za ziada zilipiwe kabla ya Ijumaa, na anauliza kama huyo bwana atavaa viatu vya kawaida au na vyenyewe vinashonwa.